Nyumba ya malofu: tuisifu, lakini tusiitie maji

Watu wa pwani, ambao lugha yao ilifika Kasongo pamoja na misafara ya Tippu Tip, wana musemo: mugema akisifiwa, tembo analitia maji. Nauleta hapa kwa sababu kila mara tukikutana kuzungumza desturi, mutu mumoja anasimama kusifu nyumba ya malofu ya zamani. Anataja kibuyu, anataja mukeka, anataja hekima ya wazee. Tunapiga makofi. Kisha wote tunatoka, tunaenda ku nganda kuomba chupa ya baridi. Sifa za namna hiyo ndizo maji yenyewe. Afazali tuulize: nyumba ile ilifaa kwa sababu gani hasa, na ni nini inayoiua?

Tukumbuke kwanza namna ilivyo, maana zingine bado ziko. Haiko ku barabara kubwa. Iko nyuma, mu vichochoro, katika kiwanja cha mama mumoja, chini ya muembe ao kibanda cha majani. Haina kibao, haina muziki. Ukiona bidoni ya njano mbele ya mulango na mabenchi mawili yanaangaliana, umefika. Mama mwenyewe hapandi mungazi. Anapokea malofu ya wagema wawili ao watatu anaowajua, na anajua yupi anaongeza maji njiani. Anaonja yeye wa kwanza, mbele ya macho ya wote, kisha anagawa.

Sasa tuangalie kinywaji chenyewe, kwani siri yote iko pale. Malofu ni kitu chenye kuishi. Asubuhi mugema anashuka na maji ya mungazi yakiwa matamu kama sukari. Chachu ya hewani na ile iliyobaki ndani ya kibuyu inaanza kazi palepale. Muchana yamekuwa pombe, jioni yana nguvu karibu na bia, na kesho yake yamegeuka makali, yanaelekea kuwa siki. Hakuna dipo ya malofu. Hakuna mufanyabiashara anayeweza kuyafungia mu chumba akingojea bei ipande.

Kwa mawazo yangu, sheria zote nzuri za nyumba ile zilitoka hapo. Kinywaji kisicholala lazima kinywewe leo, kwa hiyo lazima kigawanywe. Mwenye franga analipia asiye nazo, kwani kesho itakuwa zamu ya mwingine. Deni linabaki dogo, sababu bidoni yenyewe ni ndogo. Mugema anaondoka mapema, anajua mungazi unamungoja tena, asubuhi na jioni. Na bidoni ikiisha, kikao kimeisha. Hakuna mutu wa kufukuza wengine. Bidoni ndiyo inawafukuza. Watu wawili waliogombana juu ya mupaka wa shamba wanaweza kupewa kikombe kimoja, na maneno yao lazima yapate njia kabla ya giza.

Wengine wanasema dini ndiyo iliua nyumba hii. Mimi siamini. Uislamu ulikuwa Kasongo kabla Mubeleji hajauteka muji katika 1893, na mupaka leo muji wetu unajulikana mu Kongo yote kwa misikiti yake. Mwislamu mwenye kushika dini hanywi, ni haki yake. Lakini malofu yaliendelea kuishi mu vichochoro zaidi ya miaka mia. Dini iliyasukuma nyuma, haikuyaua. Tena naona iliyapa adabu: mutu anayekunywa karibu na jirani anayesali anajifunza kutopiga kelele.

Wakoloni nao hawakuyaua. Mukataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali ya biashara isiingie katikati ya Afrika, na sheria za koloni zilikataza wenyeji kupika lutuku. Pipa la kupikia lilifichwa mu pori, lakini mungazi haufichiki, na mugema aliendelea kupanda.

Kisha ikaja chupa. Primus ilianza kupikwa Léopoldville katika 1926, na toka miaka ya 1950 kiwanda cha Bukavu kikaileta karibu na upande wetu wa mashariki. Simba na Tembo zilipikwa Lubumbashi. Ukisema tembo leo, kijana hafikiri kinywaji cha mugema. Anafikiri chupa yenye picha ya ndovu. Chupa ilikuja na heshima. Ilikuwa kinywaji cha karani na cha mwalimu siku ya mushahara. Barabara zilipoharibika na vita vikaanza, toka 1996 na tena 1998, ilisukumwa ku velo kama chumvi na sabuni, na kila mulima uliongeza bei. Ajabu ni kwamba kadiri ilivyokuwa ghali, ndivyo heshima yake ilivyopanda. Ukimutolea mukwe malofu peke yake, watu wanaguna: "Huyu hana kitu."

Lakini hata chupa haikuwa adui mukubwa. Wengi wetu hatuwezi kuinunua kila siku. Aliyechukua nafasi ya malofu, mbele ya mutu mwenye franga kidogo, ni lutuku. Hii inalala. Inakaa mwezi mu chupa, inasafiri, inafichika mu mufuko, na kikombe kimoja kidogo kinafanya kazi ya bidoni nzima. Haina saa ya kuanza wala ya kumaliza. Mutu anaweza kuikunywa peke yake, asubuhi, bila shahidi. Hapo ndipo naona hasara yenyewe. Hatukubadilisha ladha tu. Tuliacha kinywaji chenye mwisho, tukachukua kinywaji kisicho na mwisho. Watu wakilalamika kwamba vijana wanakunywa vibaya, wajue kwamba vijana hawakurizi tu pombe tofauti. Wamerizi pombe bila nyumba.

Upande wa Kabambare mambo yameenda mbio zaidi. Dhahabu ya Salamabila inawaita vijana toka zamani, na katika 2016 kampuni ilianza kuchimba Namoya kwa kiwango cha biashara. Kijana aliyeona franga za chimbo hawezi kukubali kufunga kamba kiunoni na kupanda mungazi mara mbili kila siku, mu mvua, kwa faida ndogo. Kuanguka ni kufa ao kulemaa, na hakuna musaada wowote unaomungoja chini. Wagema wanaobaki ni wazee. Na wengine, ili wasipande, wanakata mungazi mzima, wanaugema ukiwa umelala chini. Siku chache malofu ni mengi, kisha ni basi: malofu yameisha, ngazi zimeisha, mafuta yameisha.

Hapa lazima niseme pia yale ambayo wasifu wetu hawasemi. Nyumba ya malofu haikuwa peponi. Minervali ya watoto ilinywewa pale. Wazee waliotoa hekima asubuhi walitoa matusi jioni. Mama aliyeuza aliweza kulisha nyumba yake, lakini mwanamuke mwingine akikaa kwenye benchi kama munywaji alipewa jina baya. Mupatanisho uliofanywa juu ya kikombe mara nyingine ulikuwa wa wanaume tu, hata kama ugomvi ulimuhusu binti yao. Tukiandika desturi bila kuandika haya, tunawauzia wajukuu malofu yenye maji.

Si sisi peke yetu tulio na shida hii. Uingereza nao wana bia yao ya zamani, inayoendelea kuchacha ndani ya pipa na kuharibika upesi pipa likiisha kufunguliwa. Viwanda vikubwa vilipenda bia iliyokufa, isiyosumbua njiani. Katika 1971 wanywaji wanne walianzisha chama cha kuitetea, CAMRA. Hawakuishia kusifu: waliandika kila mwaka kitabu cha kuonyesha nyumba zinazoitunza vizuri, na waliwabana wenye viwanda. Nyumba nyingi zilifungwa hata hivyo, lakini bia yenyewe haikufa.

Na kiwanda, tunachokiona kuwa na nguvu kuliko mungazi, kina udaifu wake. Katika Juni 2025, vita ikiwa imefika Bukavu na Goma, Heineken, wakubwa wa Bralima, walitangaza kwamba wamepoteza usimamizi wa mali zao kule na kuwaondoa wafanyakazi wao. Mungazi hauombi barabara wala kasha la chupa. Unaomba mutu mumoja wa kuupanda na mwingine wa kutoukata.

Basi, tukitaka kuitetea nyumba ya malofu, tuanze na mugema, si na kibuyu. Bei yake ipande, na sisi wenye mishahara tuwe wa kwanza kuilipa. Machifu wakataze kukata mingazi inayozaa kwa ajili ya malofu ya wiki mbili. Siku za mahari na za kupatanisha, malofu yarudi mbele, na binti na mama zao wakae kwenye benchi bila kupewa jina. Na asiyekunywa aheshimiwe, kama jirani wa musikiti alivyoheshimiwa.

Kama hatuko tayari kwa hayo, basi tuache kupiga makofi. Mzee anayepanda mungazi leo asubuhi hasikii makofi yetu kule juu. Anasikia tu kamba, kama ingali inashika.