Madawati ya Mawakili

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni wakili mjini Dar es Salaam, aliniletea kijitabu kutoka ofisini kwake. Ni kijitabu kizuri, karatasi zake nzito zinang'aa, na kinaeleza jinsi ofisi hiyo inavyorudisha fadhila kwa jamii. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Soma nawe uone tunavyojitahidi." Nilikisoma usiku uleule, kalamu nyekundu mkononi, maana mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka 38 hawezi tena kusoma kitu bila kalamu. Haya ninayoyaandika hapa ni masahihisho yangu. Aliniomba na maksi pia, lakini maksi sitatoa.

Kijitabu kina kurasa 40. Picha zimejaa tele. Nimewaona mawakili wakipanda miti, wakichangia damu, wakikimbia mbio za hisani huku wamevaa fulana za rangi moja, wakikabidhi magodoro kwa watoto yatima na madawati kwa shule za msingi. Kila mahali pana bango, na katika kila bango jina la ofisi ni kubwa kuliko jina la shule. Kisha ukifika ukurasa wa 36 unakuta aya moja ya mistari mitano, isemayo kwamba mawakili wa ofisi hiyo hutoa pia msaada wa kisheria bila malipo kwa wasiojiweza, kadiri nafasi inavyoruhusu. Wametia na maneno ya Kilatini, pro bono publico, yaani kwa manufaa ya umma. Picha hakuna. Idadi ya kesi hakuna. Hata mfano mmoja hakuna.

Sina ugomvi na dawati. Nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilipangiwa darasa la watoto waliokuwa wakiandika juu ya mapaja yao, na anayelidharau dawati hajawahi kufundisha mtoto aliyeketi sakafuni wakati wa baridi. Lakini dawati hutengenezwa na seremala. Wakili anapotoa dawati, anachotoa ni fedha, kama ambavyo angetoa mwenye duka au mwenye mabasi. Alichosomea yeye, ambacho seremala hana na mimi sina, kinabaki kabatini.

Nina sababu ya kuliona jambo hili kwa uchungu, na sababu yenyewe inanigusa mimi kwanza. Mwaka 2008, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, tulipata barua kutoka ofisi nyingine ya mawakili, siyo hii ya kijana wangu. Waliuliza shule ina upungufu gani. Nikajibu bila kufikiri mara mbili: madawati. Wakakubali kutuletea 50. Siku ya makabidhiano tulifunga turubai, tukakodi viti vya plastiki, watoto wakasimama juani tangu saa tatu wakimngoja mgeni rasmi aliyefika saa tano na nusu. Kulikuwa na kwaya, ngonjera na risala. Risala niliiandika mwenyewe, na ndani yake niliwaita "mawakili wasomi" mara nne, nimehesabu baadaye.

Siku hiyohiyo alikuja mjane wa aliyekuwa mlinzi wetu wa usiku. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia nyumba ya vyumba vinne na watoto watatu, wawili kati yao wakisoma kwetu. Ndugu wa marehemu walifanya kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari, wakaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Mama yule aliweka pingamizi, akashindwa. Wakati ule sheria haikumruhusu wakili kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo huko alisimama peke yake kama walivyosimama wengine. Lakini kukata rufaa Mahakama ya Wilaya aliweza, na huko wakili angeweza kumsemea. Muda wa rufaa ni siku 30. Siku ile ya madawati zilikuwa zimepita 22.

Aliniomba nimwombee dakika mbili kwa wageni. Nikamwambia angoje, ratiba imebana. Baada ya soda alimfuata mmoja wao mwenyewe. Huyo hakumdharau, tena alimsikiliza kwa adabu, akampa kadi na kumwambia afike ofisini. Alifika baada ya siku tatu, maana nauli ilimbidi akope. Ilikuwa ghorofa ya tisa. Pale mapokezi aliambiwa kwamba kabla ya kumwona wakili hulipwa ada ya ushauri, akatajiwa kiasi, akageuka akarudi. Kadi hakuionyesha. Alidhani kadi ni kumbukumbu tu, kama picha. Siku 30 zikapita.

Baadaye chama kimoja cha kutetea wanawake kilimsaidia kuomba aongezewe muda, na baada ya kupanda na kushuka mahakama ikamkubalia. Lakini ilipofika hapo shemeji alikwisha kuuza vyumba viwili vya mbele, na mnunuzi alikwisha kubomoa ukuta na kufungua duka. Mpaka leo mama anaishi vyumba vya nyuma, na hupitia uchochoroni kuingia kwake.

Sasa nijiulize. Waliokosea ni mawakili peke yao? Wao waliuliza shule ina upungufu gani. Mimi ndiye niliyesema madawati. Sikuwaambia kwamba nina mpishi asiyejua haki yake ya kiinua mgongo na mlinzi aliyekufa bila wosia, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba mtu huweza kumwomba wakili uwakili. Tumezoeshwa hivyo, mtoaji na mpokeaji. Yeye anatafuta kitu kinachopigika picha na mimi namtafutia.

Nilimsimulia kijana wangu habari hii. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kesi haina picha. Na mteja ana siri zake, hatuwezi kumweka gazetini." Hilo nililikubali. Nikamuuliza kama hakuna sababu nyingine. Alikaa kimya, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ofisi kubwa huwatetea mabenki, makampuni ya bima na wenye mashamba makubwa. Maskini akiwa na kesi, aghalabu anayemdai au anayemtoa katika kiwanja ni mmoja wa hao. Kuna kanuni ya mgongano wa maslahi: huwezi kumtetea mtu dhidi ya mteja wako. Nami nikaelewa, pengine kwa mara ya kwanza. Dawati halimshitaki mtu. Dawati halina upande. Ndiyo maana linapendwa.

Hata hivyo kesi ya mjane wetu haikuwa na benki. Ilikuwa na shemeji tu. Na kesi za namna hiyo ndizo zilizojaa nchini. Tangu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilipoanza mwaka 2023, nimewaona watu wakipanga foleni na mifuko yao ya karatasi, na ukiwauliza utasikia ardhi, mirathi na ndoa. Hakuna kanuni inayoizuia ofisi kubwa kuchukua 20 za aina hiyo kila mwaka.

Katika maktaba yangu ndogo ninacho kitabu cha Anthony Lewis cha mwaka 1964, kinachoeleza kesi ya Clarence Earl Gideon. Huyu alikuwa mtu fukara wa Florida, aliyeshitakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja klabu ya kuchezea bilia na kuiba. Aliomba wakili, hakimu akamkatalia, akafungwa miaka mitano. Kutoka gerezani aliandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mahakama ikamteua Abe Fortas amsemee, mwanasheria wa ofisi kubwa ya Washington iliyozoea kutetea matajiri. Fortas na wenzake walifanya utafiti kwa miezi bila kudai senti, na mwezi Machi 1963 Mahakama iliamua kwamba mshitakiwa asiye na uwezo katika kesi kubwa ya jinai lazima apewe wakili. Gideon akashitakiwa upya akiwa na wakili, naye akaachiliwa. Hiyo ndiyo kazi ya bure ninayoielewa mimi. (Na tusimfanye Fortas malaika. Alipokuwa jaji alilazimika kujiuzulu mwaka 1969 kwa sababu ya fedha alizopokea kutoka mfuko wa hisani wa tajiri mmoja. Hisani ina milango mingi.)

Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi. Mwezi Machi 2025 ofisi ya Paul, Weiss ya New York iliahidi kazi ya bure yenye thamani ya dola milioni 40 kwa mambo yanayoungwa mkono na Rais Trump, naye akaondoa amri aliyokuwa ametoa dhidi yake. Nyingine zikafuata, na Skadden ikaahidi milioni 100. Ofisi nne zilikataa, zikaenda mahakamani, na kila moja ikashinda katika mahakama ya ngazi ya kwanza. Niliposikia habari hizo redioni nilikumbuka zile hundi za maboksi zinazobebwa na watu wawili. Kazi ya bure ikitajwa kwa dola, huulizwa ni kiasi gani, na husahauliwa kuuliza alipewa nani.

Kwetu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko vijijini na mitaani. Wengi hujitolea, wanatembea kwa miguu, na hawana kijitabu chochote. Nilimwambia kijana wangu kwamba kama mimi ningekuwa mkuu wa ofisi yake, ningeweka mtu mmoja pale mapokezi wa kumpokea aliyekuja na mfuko wa plastiki kabla hajatajiwa ada. Tena ningezihesabu saa za wakili kijana anayemtetea maskini sawasawa na saa za benki wakati wa kumpandisha cheo. Alisema saa hizo kwao hazihesabiwi. Yeye mwenyewe ana kesi mbili za namna hiyo, na huzifanya Jumamosi.

Basi nimemrudishia kijitabu. Picha sikuzigusa, isipokuwa kosa moja la tahajia chini ya picha ya mbio. Kwenye ukurasa wa 36, pembeni ya ile mistari mitano, nimeandika kwa wino mwekundu: "Wangapi? Dhidi ya nani? Nyumba zao wanazo?" Hajanijibu bado. Juzi alipiga simu kuniulizia presha, tukazungumza mengine, nami sikumkumbusha.