Kichwa cha Treni Kilichomegeka Kona

Rwanda haina reli, lakini Kanombe, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, yupo mpenda treni aliyekarabati kichwa cha dizeli chenye urefu wa kiganja. Ni modeli ya kipimo cha 1:87. Ilianguka kutoka kabatini, ikamegeka kona ya paa na kuchubuka ubavu. Kwa kipimo hicho, mchubuko wa robo milimita ni sawa na shimo la zaidi ya sentimita 2 kwenye treni halisi. Huwezi kuuficha.

Fundi wa pikipiki angemaliza haraka: supaglu, unga wa magadi juu yake, msasa, basi. Kwa pikipiki inatosha. Kwa modeli, mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe kwenye rangi ya jirani, na supaglu ikishakauka huwa ngumu kuliko plastiki. Msasa unakula ganda, kiraka kinabaki kimesimama.

Yeye alishika njia ndefu. Ganda ni la ABS, plastiki ileile ya Lego. Alikwangua vipande upande wa ndani, pasipoonekana, akaviyeyusha kwa asetoni mpaka vikawa uji mzito, akajazia kona. Asetoni ikishapaa, kinachobaki ni plastiki yenyewe, imeshikana na ganda. Tatizo ni kwamba uji huo hunywea. Hupakwa kidogo kidogo, kila tabaka likiachwa hadi kesho yake. Asiye na subira ataona kona imebonyea tena chini ya rangi mpya. Dawa ya kutolea rangi ya kucha si mbadala wa asetoni, kwani nyingi zina mafuta.

Ufundi hasa ulikuwa kwenye msasa. Ribiti na matundu ya hewa yaliyo karibu aliyaziba kwa utepe, kisha akasugua kwa kipande cha msasa namba 600 kilichobandikwa kwenye kijiti, kikiwa na maji, akamalizia na namba 1000.

Praima na rangi zilisubiri siku kavu. Kwenye unyevu wa masika, kiyeyushi kinachopaa hupoza uso wa ganda, maji yananasa, rangi inapauka.

Hakupaka rangi treni nzima. Aliishia kwenye mstari ambapo nyekundu hukutana na kijivu, kisha akapitisha vanishi isiyong'aa mwili mzima ili kulinganisha mng'ao. Ukiitazama kwa pembeni, kiraka bado kimekolea kidogo. Mimi ningekiacha hivyohivyo.