Mafundi wa Msiba wa Kubuni

Mwaka 1997 kampuni ya Square ya Japani ilitoa gemu ya Final Fantasy VII kwa PlayStation, katika diski tatu. Kabla diski ya kwanza haijaisha, Aerith, muuza maua, anachomwa upanga akiwa anasali. Harudi tena.

Wahusika wale hawakuwa na sauti. Maneno yao tuliyasoma kwenye visanduku vya maandishi. Huzuni ilibidi ijengwe kipande kwa kipande. Walioandika walimpa Aerith utani na ukarimu mapema, tumzoee. Waliopanga mapigano walimpa uwezo wa kuponya kikosi kizima, ili pengo lake tulihisi kila tunapojeruhiwa. Waliochora walikifanya kijiwe kinachomdondoka anapochomwa kidunde ngazi kwa ngazi hadi majini. Na adui anapozuka papo hapo, muziki wa vita haupigwi: wimbo wa Aerith unaendelea, nawe unapigana huku moyo mzito.

Kazi hiyo hailingani na kubofya kitufe. Majina ya mafundi hupita mwishoni, wakati wengi tumeshaweka pedi chini. Gemu ikikuliza, usiizime upesi; kaa uyasome.