Kaseti Tuliyoimaliza

Kwetu Nyarugusu kulikuwa na redio moja na kaseti moja. Kaseti yenyewe ilikuwa ya Remmy Ongala na Super Matimila, nakala ya nakala, na juu yake mtu alikuwa ameandika "REMI" kwa kalamu ya Bic, basi. Miaka mingi baadaye, nilipopata albamu nzima kwenye simu, ndipo nikajua kwamba nyingi kati ya nyimbo zile zinatoka kwenye Songs for the Poor Man, albamu iliyorekodiwa Uingereza na kutolewa na Real World mwaka 1989. Sisi hatukujua habari za Uingereza. Tulijua kwamba upande A unaanza na "Nasikitika", na kwamba betri zikichoka Remmy naye anachoka.

Mwenye umri wangu anakumbuka kazi hiyo. Betri zinaanikwa juani juu ya turubai ili zipate nguvu kidogo. Kaseti inarudishwa nyuma kwa kalamu, kuizungusha kidole kikauma, maana kuirudisha kwa redio ni kula betri. Redio ikimeza utepe unauvuta polepole kama mtu anayemtoa kifaranga kwenye ganda, unaunyoosha kwa ukucha, unaurudisha, unaomba Mungu. Mama alikuwa akituambia: "Weye, utaimaliza ile kaseti. Acha ipumuzike." Hatukuiacha ipumuzike. Tuliimaliza kweli.

Katika makala haya nataka kuuliza jambo moja: albamu ikisikilizwa kupita kiasi, kinachokwisha ni nini hasa?

Kwanza unakwisha utepe wenyewe. Sauti kwenye kaseti ni unga mwembamba wa rangi ya kahawia uliobandikwa kwenye plastiki. Kila unapopita kwenye kichwa cha redio, unaacha chembe zake hapo. Ndiyo maana mafundi walikuwa wanafuta kichwa kwa pamba na spiriti, na pamba inatoka na rangi ya kutu. Sauti za juu ndizo zinatangulia kuondoka, matoazi na ncha za gitaa, halafu maneno yanaanza kusikika kama mtu anaongea akiwa na blanketi mdomoni.

Cha pili kinachochakaa ni sikio, na hapa niseme ukweli ambao wazee hawataupenda. "Sauti ya Mnyonge" mimi siisikii tena. Ukiupiga leo, mwili unakaa pale lakini akili inatoka nje kuangalia kama maji yamekuja. Wimbo haukuwa na kosa. Remmy aliimba kama mtu anayejua njaa ya mwisho wa mwezi, na ndiyo sababu watu wa Dar es Salaam walimwita Dokta. Kosa ni kwamba neno lenyewe limepigwa kila mahali. Mnyonge kwenye mikutano, mnyonge kwenye hotuba, mnyonge kwenye fomu, siku hizi kwa majina marefu zaidi: "watu wenye mahitaji maalumu", "walio katika mazingira magumu". Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, siwatukani. Nasema tu kwamba mtu akiitwa mnyonge kila Jumatatu, wimbo unaomtetea mnyonge unaanza kusikika kama tangazo.

Lakini "Kipenda Roho" haijachakaa, na nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Jibu langu ni hili. Ujumbe ukishaushika, umeushika, hauwezi kuushika mara ya pili. Gitaa halishikiki hivyo. Katika muziki wa Matimila, gitaa la solo linachukua mstari mfupi na kuuzungusha, la pili linajibu chini yake, besi inatembea kwa hatua zake yenyewe. Leo unamfuata huyu, kesho yule. Nilipokuwa mtoto nilifuata sauti ya Remmy. Nilipokuwa kijana nilifuata solo kwa sababu nilitaka kuwa mpigaji. Sasa, mtu mwenye watoto wanne, nafuata besi, maana ndiyo inayobeba wengine bila kupiga kelele. Huo ni wimbo mmoja, na mimi nimekuwa wasikilizaji watatu.

Tunapenda kusema Remmy ni wetu. Ni kweli na si kweli. Alizaliwa Maniema mwaka 1947, Mkongomani kama sisi, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Alikuja kwa kazi ya muziki, hakuvuka ziwa usiku na godoro kichwani. Akaimba kwa Kiswahili hadi mji ukampa kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy, na jina limebaki pale ingawa yeye alifariki Desemba 2010. Kwa mtu wa kambini, kituo cha daladala si kitu kidogo. Sisi tupo Nyarugusu tangu 1996, na njia zetu zinaitwa kwa namba na herufi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwishoni mwa upande B, baada ya wimbo kuisha, kulikuwa na sauti ya baba. Alibaki ng'ambo, upande wa Fizi, na msafiri mmoja alituletea kaseti hiyo. Baba alikuwa ameziba vitundu vya juu kwa karatasi ili redio ikubali kurekodi, akaongea dakika chache: ametusalimu mmoja mmoja kwa jina, akamwambia mama habari za shamba, akakohoa, akasema betri zinakwisha. Hatukupata kaseti nyingine kutoka kwake, wala habari.

Mama alitukataza kucheza upande B. Tulitii. Tulicheza upande A, asubuhi na jioni, tukijua baba yuko salama upande wa pili.

Fundi mmoja wa redio ndiye aliyenifungua macho, nikiwa tayari mtu mzima. Nilimpelekea kaseti anitolee sauti ya baba aiweke kwenye memori kadi. Akaisikiliza, akaitoa, akanionyesha utepe kwenye mwanga. Akasema: "Kaka, kaseti haina tepu mbili. Pande zote ziko kwenye tepu hii hii, moja juu, moja chini. Ukicheza A, B nayo inasuguliwa." Kwenye memori kadi yangu leo kuna dakika nne za mvumo. Majina yetu hayasikiki. Kikohozi kinasikika.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na Remmy, hasira ya kijinga. Kila sebene niliyocheza ilikuwa inamfuta baba. Nilimweleza mama, nikitegemea atalia au atanigombeza. Alikuwa anachambua maharage. Akasema: "Miye nilijua inaisha. Kama ningeifungia mu sanduku, mungekaa mu ile nyumba na nini?" Akaendelea kuchambua.

Nimelifikiria jibu lake na bado sijakubaliana nalo lote. Mimi ningetaka sauti ile. Ningetaka kusikia alivyotamka jina langu, maana nilikuwa mdogo na sikumbuki. Lakini pia siwezi kusema tungevuka miaka ile kwenye turubai bila gitaa lile. Mama alichagua watoto wanaocheza, na gharama yake aliijua. Mimi ndiye sikuijua.

Ile nakala safi ya kwenye simu nayo ina shida yake. Remmy anaimba juu kidogo kuliko ninavyomjua, kwa sababu mimi nilimjua kwa betri zilizochoka, na betri zikichoka kaseti inakwenda polepole na sauti inashuka. Katikati ya "Kipenda Roho" kuna mahali redio yetu ilimeza utepe, gitaa linapinda kama mtu aliyejikwaa. Kwenye simu halipindi. Kila nikifika pale shingo yangu inapinda yenyewe. Watoto wangu wananicheka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nina mambo mawili. Kama bado una kaseti yenye sauti ya mtu wako, hata kama ni salamu tu, usisubiri. Itolewe nakala wiki hii, kabla ya kucheza wimbo hata mmoja, upande wowote. Halafu cheza unavyotaka.

La pili ni kwa vijana wa vibanda vya kuchaji simu. Nyimbo zenu kumi mnazozizungusha kutwa nazo zitakwisha, hata kama faili haina unga wa kudondoka. Zipumzisheni. Siku moja moja wekeni "Karola" au "Pamella", na msikilize besi. Atakayeisikia aje aniambie inatembea vipi, kwa sababu kwenye kaseti yetu ilikuwa ndicho kitu cha mwisho kubaki.