Kibadilishi Kikichakaa, Kibadilishwe?

Mswada wa mwongozo wa matengenezo ya baiskeli, ulioletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe, umefasiriwa kwa Kiswahili chepesi na chenye kueleweka katika sura zake nyingi. Sura ya magurudumu na ile ya breki hazikutupa taabu. Taabu imeanza katika sura ya gia, hasa pale inapoelezwa namna ya kuishughulikia baiskeli kuukuu ambayo gia zake hazikai tena mahali pake.

Mfasiri ametumia neno kibadilishi kwa vitu vitatu mbalimbali: mkono mdogo ulio kwenye usukani au kwenye fremu, ambao mpandaji huuvuta kwa kidole; kifaa cha nyuma kinachousogeza mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine; na hata gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Ndipo tunapokutana na sentensi kama hii: "Kibadilishi kikichakaa, kibadilishwe." Fundi afungue kitu gani?

Lugha yetu haikukosa njia ya kuvitenganisha vitu hivi. Kifaa kinachofanya kazi fulani hupewa jina kwa kitenzi na kitendwa chake, kama kipaza sauti na kipimajoto. Kifaa ambacho mtu hukishika kutendea kazi mara nyingi huishia kwa -io, kama kifutio na kifunikio. Kwa kanuni hiyo kile cha nyuma kingekuwa kihamisha mnyororo, na kile cha mkononi kibadilishio. Hata hivyo, mimi nisingeling'ang'ania kibadilishio. Mkono wa gia ni jina lisilohitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuketi karibu na dereva wa lori.

Kosa la pili ni zito zaidi, maana linamgharimu msomaji fedha. Kuchakaa hufaa nguo, mkeka au kitabu. Fundi hasemi hivyo. Husema meno yamelika, skrubu imelegea, grisi imeganda. Hayo ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake.

Tuchukue gia za kitovuni za Sturmey-Archer, zilizoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ndani ya mkono wake mna kijino kinachosukumwa na springi ili kinase na kuishikilia gia. Miaka ikipita grisi hugeuka kama gundi, kijino hakirudi, na gia haishiki, ilhali chuma pengine hakijalika hata kidogo. Kuuosha mkono kwa mafuta ya taa na kuutia tone la mafuta mepesi mara nyingi hutosha. Pengine mkono hauna kasoro yoyote: waya ndio uliolegea, na kati ya gia ya pili na ya tatu pedeli zinazunguka bure.

Mikono ya zamani ya kuhamishia mnyororo, isiyo na hatua, hushikiliwa na msuguano tu. Ikiteleza, hukazwa skrubu. Ile ya hatua, ambayo Shimano iliieneza kuanzia mwaka 1984, nayo ioshwe kwanza. Meno yake yakiwa yamelika kweli, ndipo ubadilishwe, na ule mpya sharti ulingane na idadi ya magurudumu ya meno yaliyo nyuma.

Msomaji anayeitii sentensi ya mswada atautupa mkono mzima uliohitaji kuoshwa tu, kisha ahangaike kutafuta mwingine kwa ajili ya baiskeli ambayo huenda haitengenezwi tena.

Tumeurudisha mswada tukiomba kuchakaa kubaki mahali pamoja tu, katika kichwa cha sura, panapozungumzwa juu ya baiskeli yenyewe. Juu ya kile kijino hatujakubaliana: mwenzangu mmoja apendelea kikomeo. Wasomaji wanaokaa karibu na mafundi watuandikie jinsi kinavyoitwa huko kwao.