Hesabu ya Upepo

Kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, rubabi huvunwa gizani. Ni mmea wa mashina mekundu, mchachu hata hauliki bila sukari. Mizizi yake huachwa shambani miaka miwili ijikusanyie nguvu, ikishapigwa na baridi hung'olewa, ikapangwa ndani ya mabanda yenye joto na giza totoro. Mashina huchomoza kwa pupa kutafuta mwanga ambao haupo, na wachumaji hupita katikati yake na mishumaa. Kung'oa mizizi hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo. Miongoni mwa vibarua walioifanya alikuwamo mama mmoja wa Morley, karibu na Leeds, ambaye mwisho wa juma alikuwa bingwa wa dunia wa baiskeli.

Mama huyo, Beryl Burton, aliyezaliwa mwaka 1937, alibaki mchezaji wa ridhaa maisha yake yote. Mwenye shamba, Nim Carline, naye alikuwa mwendesha baiskeli. Aliyemwingiza Beryl mchezoni ni mumewe, Charlie, ambaye baadaye akawa fundi wake, dereva wake na mlezi wa mtoto wao mama anapokuwa mashindanoni. Utotoni Beryl aliugua homa ya baridi yabisi, akalazwa muda mrefu, na madaktari wakamwonya asijichoshe. Akajichosha mpaka akatwaa ubingwa wa dunia mara saba: mara mbili barabarani, 1960 na 1967, na mara tano uwanjani. Olimpiki hakuigusa, kwa kuwa mbio za baiskeli za wanawake ziliingizwa huko mwaka 1984, wakati wake umeshapita.

Watu husema shamba ndilo lililompa misuli. Sawa, lakini misuli walikuwa nayo wengi. Alichokuwa nacho yeye ni hesabu.

Waingereza wana mashindano yao ya kukimbizana na saa. Waendeshaji huachiwa mmoja mmoja, kila baada ya dakika, mara nyingi alfajiri barabara zikiwa tupu, na hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako akukingie upepo. Na upepo ndio adui mwenyewe. Ukitaka kwenda kasi maradufu, nguvu ya kuupasua haiongezeki mara mbili, inakaribia mara nane. Kwa hiyo anayetimka mwanzoni kwa mori hununua dakika chache kwa bei ya kutisha, na deni hilo atalilipa jioni. Ufundi ni kujua, bila mtu wa kukuambia, ni kiasi gani cha pumzi utoe sasa ili kingine kama hicho kiwepo saa nane baadaye. Filamu za enzi zile zinamwonyesha Beryl mgongo umelala, mabega yametulia tuli, miguu peke yake ndiyo inayozunguka. Kuanzia 1959 hadi 1983, miaka 25 mfululizo, hakuna mwanamke Uingereza aliyempokonya taji la jumla la mbio hizo.

Septemba 17, 1967 alishiriki mbio za saa 12. Wanaume walitangulia kuachiwa, yeye akafuata. Alikuwa akiwapita mmoja mmoja, mpaka saa zaidi ya kumi zilipokatika akabaki Mike McNamara peke yake, naye alikuwa mbioni kuvunja rekodi ya wanaume. Beryl akamfikia. Alipokuwa ubavuni mwake akaingiza mkono mfukoni, akatoa pipi ya likorisi, akampa. McNamara akaipokea, akaila, na Beryl akaenda zake. Pipi hiyo ndiyo inayosimuliwa siku zote, na ni kisa kizuri, lakini mimi hunivutia zaidi kwamba kwa saa ile, baada ya siku nzima juu ya kiti kile chembamba, mkono ulikuwa na utulivu wa kutafuta pipi. McNamara alimaliza na maili 276.52, rekodi mpya ya wanaume. Beryl alikuwa na maili 277.25, yaani kilomita 446, zaidi ya kilomita 37 kila saa. Wanaume walihitaji miaka miwili kumpita. Wanawake, miaka 50.

Hesabu hiyo ya upepo hakuiacha nyumbani. Mwaka 1976, akiwa na miaka 39, alishindana na binti yake Denise, wa miaka 20, katika mbio za barabarani za ubingwa wa taifa. Hizo ni mbio za kundi, ambako kukingiwa upepo ni halali na ni akili. Kwenye mstari wa kumalizia Denise akachomoka, akashinda, na mama akawa wa pili. Jukwaani Beryl akakataa kumpa mkono. Baadaye alikiri kwamba haikuwa tabia njema, ila akaeleza kilichomuudhi: njia nzima, kwa maoni yake, binti hakukaa mbele zamu zake zote, upepo akamwachia mama.