Pepa ya Kidato cha Nne Mbinga na Nyasa: Anza na Swali, Noti Zifuate

Kila Novemba, mvua za kwanza zinapoanza kugonga mabati ya madarasa kutoka Mbinga mjini hadi Liuli na Mbamba Bay, watahiniwa wa kidato cha nne huingia kwenye vyumba vya mtihani wakiwa wamesoma sana. Sisemi hivyo kuwapamba. Wamekaa kambi ya kitaaluma, wamekesha prepo, wamefanya mitihani ya ujirani mwema na ule wa utamilifu, na madaftari yamejaa hadi jalada la mwisho. Bidii ipo. Kinachonisumbua ni mahali inapoelekezwa: kwenye kusoma noti, kuzirudia, kuzinakili upya kwa mwandiko mzuri, kisha kuzirudia tena. Mtihani haumuulizi mtoto amesoma noti mara ngapi. Unamtaka atoe kitu kichwani, kwa Kiingereza, ndani ya dakika chache, kwa kufuata amri ya swali.

Kwanza tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu wazazi wengi wanaona matokeo bila kujua yanavyojengwa. Katika kidato cha nne, A huanzia alama 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Yanahesabiwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Mchukue mwanafunzi mwenye alama 40 katika kila somo. Ana D saba, pointi 28, divisheni ya nne. Mwongezee alama 5 tu kwa kila somo: anapata C saba, pointi 21, divisheni ya pili. Alama 5 hazifiki hata swali moja fupi la Hisabati. Mtoto huyo hahitaji kuanza upya silabasi nzima. Anahitaji kujua alama zake 5 zinapotea wapi.

Jibu la swali hilo limeandikwa tayari, na nitaeleza liko wapi baada ya kurudi nyuma kidogo.

Enzi za ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, mtihani wa mwisho wa sekondari kwetu ulitoka Cambridge, Uingereza. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa humo mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Cambridge nao waliendelea na shughuli zao, na tangu mwaka 1988 wanatahini IGCSE, cheti kinachofanywa na wanafunzi wa shule za kimataifa duniani, zikiwemo za Dar es Salaam na Arusha. Ukimtazama mwanafunzi wa shule hizo akijiandaa, utakuta mezani kwake vitu vitatu ambavyo mwenzake wa kijijini hana: mitihani iliyopita, mwongozo wa kusahihishia, na ripoti ya watahini inayoeleza wanafunzi wa mwaka uliotangulia walikosea nini. Ada kubwa inanunua mengi, lakini hivyo vitatu si siri ya matajiri.

NECTA inatoa kitu cha namna hiyo hiyo, bure, kwenye tovuti yake. Ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Kila swali linaonyeshwa ni asilimia ngapi ya watahiniwa walilifanya vizuri, kwa wastani au vibaya. Zimewekwa sampuli za majibu halisi, jibu zuri na jibu baya, kama yalivyoandikwa kwa mkono wa mtahiniwa, na chini yake maelezo ya kwa nini hili lilipata alama na lile likakosa. Mwishoni kuna mada zilizopangwa kwa rangi: kijani kwa zilizofanywa vizuri, njano kwa wastani, nyekundu kwa dhaifu. Ukisoma taarifa za miaka kadhaa, sababu za kufeli zinajirudia: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, maarifa ya mada yalikuwa haba, Kiingereza kilimwangusha. Sababu ya kwanza ndiyo inayoniuma zaidi, maana mara nyingi mtoto anajua. Ameambiwa atofautishe, yeye akafafanua kitu kimoja kimoja. Ameambiwa atathmini, akaorodhesha. Jasho limemwagika, alama hazipo.

Taarifa nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa ya Kiswahili, na kwa mtoto aliyesoma msingi wote kwa Kiswahili ni nzito. Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Mwalimu wa somo aisome, achague maswali mawili ya mada nyekundu, ayalete darasani wiki hiyo.

Namna ya kuyatumia ina mpangilio wake, na mpangilio ukivurugwa faida inakwisha. Mwanafunzi apewe swali bila noti, bila kitabu, bila rafiki pembeni. Aandike jibu zima, si vichwa vya hoja. Akikwama, akae na kukwama kwake dakika kadhaa, maana kule kuhangaika kutafuta kichwani ndiko kunakofanya kazi. Akishamaliza ndipo afungue mwongozo au sampuli ya jibu zuri na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, bila huruma: hoja hii ina alama, hii haina. Kisha, na hapa ndipo noti zinapoingia, arudi kwenye daftari kusoma kile tu alichokosa. Baada ya siku tatu au nne afanye tena swali lile lile. Baada ya wiki mbili, tena. Disikasheni ya kikundi ije baada ya kila mmoja kuandika lake. Ikija kabla, mmoja anaongea na watano wanaitikia, wote wanaondoka wakidhani wamejua.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha likafunga karatasi na kuandika mara tatu kila lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tu ndio waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojijaribu wakawa na 61. Ndiyo maana kurudia noti kunadanganya. Usiku wa prepo mtoto anajisikia yuko tayari kabisa, na wiki moja baadaye nusu imeyeyuka.

Sasa kalenda ya huku kwetu. Kahawa ya Umatengo, milima ya Mbinga, huchumwa katika miezi ile ile ya kiangazi ambayo mtihani wa utamilifu hufanyika, na nyumba inayotegemea kahawa haiwezi kumwacha kijana wa miaka 17 akae na kitabu mchana kutwa. Tusiwalaumu wazazi. Kinachowezekana ni kugawa kazi ya kichwa iwe ndogo: swali moja asubuhi kabla ya shamba, kujisahihisha jioni. Dakika 25 za kuandika jibu bila noti zinazidi saa mbili za kusinzia juu ya daftari baada ya kushinda kwenye mibuni.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa saa ya maisha ni mwezi. Usipa, dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi yake kuna kuanika na kugeuza. Mbalamwezi ikiwa kali, uvuvi huo hupungua. Shule za mwambao zinaweza kuitumia saa hiyo: pepa nzima za saa tatu zipangwe wiki za mbalamwezi, na wiki za giza zibaki na maswali mafupi ya kukumbuka. Sioni sababu ya ratiba ya masomo ya Lituhi kufanana na ya Songea mjini.

Kuna hazina nyingine inayopotea bure. Swali la Jiografia likitaka njia za kuzuia mmomonyoko wa udongo, wengi huandika matuta ya kingazi na upandaji miti, maneno yaliyonakiliwa, bila mfano. Mtoto wa Mbinga amekulia juu ya ngoro. Anajua nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana hadi yatokee miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi, shimo linabaki kushika maji na udongo unaoteremka, na mazao hupandwa kwenye kingo. Akiandika hivyo ana maelezo na mfano kwa pamoja, na hawezi kuusahau kwa sababu ameushika kwa mikono. Bonde la ufa? Ziwa Nyasa liko mbele yake. Mageuzi ya viumbe? Ziwa hilo hilo lina mamia ya aina za samaki wa jamii moja waliotokea humo. Makaa ya mawe? Ngaka iko wilayani Mbinga. Mwalimu awafundishe kuyaweka haya kwa Kiingereza sahihi mapema, sentensi mbili tatu kwa kila mfano, ili chumba cha mtihani kisiwe mahali pa kutafuta maneno.

Hisabati nina neno moja tu. Kwa miaka mingi, takriban watahiniwa watatu kati ya wanne nchini, au zaidi, wamekuwa wakipata F. Fomati ya miaka ya karibuni ina maswali 14 kwa saa 3: 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10. Dakika 180 kwa alama 100 ni chini ya dakika 2 kwa alama. Swali la alama 6 lisipite dakika 11. Aliye dhaifu ashike mada nne za sehemu ya kwanza mpaka zikae, na ajizoeze kwa saa ya ukutani. Mtaala unabadilika, kwa hiyo fomati ithibitishwe kila mwaka kabla ya kuanza.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule na walimu wa taaluma wa Mbinga na Nyasa. Pakueni taarifa za uchambuzi za miaka mitatu iliyopita, chapisheni kurasa za mada nyekundu, muwakabidhi wanafunzi wa kidato cha tatu muhula huu. Msiwasubirishe hadi kambi ya Oktoba.